Kisu cha Duka la Misumari

Nacho hapa mezani, kati ya gundi na chai iliyopoa:
kisu cha plastiki, umanjano wake
umegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara.
Bei yake siku ile, Kaunas,
katika duka la misumari na rangi za ukuta,
haikufika bei ya mkate mweusi.

Hakina jina. Nembo yake imelikwa na vidole.
Ukikisukuma kwa gumba hulia tiki, tiki, tiki,
kama saa yenye haya,
na chuma hujitokeza kidogo kidogo,
mgongoni kimechorwa mistari ya mshazari
kuonyesha pa kukivunjia.

Wasemao mwenye kisu kikali ndiye mla nyama
hawajaingia chumba hiki.
Hapa hakuna nyama. Kuna karatasi nyeusi,
kuna dirisha, na nje yake Nemunas umeganda,
na mlaji ni nuru:
mimi natoboa, yenyewe inakula.

Ninavyo visu vingine, sikatai.
Mwaka wa tuzo niliagiza sita kwa mpigo,
vimelazwa katika mahameli, kila kimoja na shimo lake,
kama maaskofu kaburini.
Nilivijaribu kwenye mguu wa korongo.
Mguu ukatoka kabla sijaamua.
Vile vinakata bila kuuliza.
Sasa viko katika droo, pamoja na ankara za umeme.

Hiki huuliza.
Kwenye kona husita, hunisubiri nigeuze karatasi
(karatasi ndiyo igeuzwayo, si mkono;
hilo nalijua, na bado nasahau),
kisha kinapita,
kwa sauti ya mtu anayetembea kwenye theluji
mtaa wa tatu kutoka hapa.

Kilikuwa cha baba.
Vaidotas, mbandikaji wa karatasi za ukutani,
miaka thelathini na moja katika fleti za watu:
maua, mistari, halafu tena maua.
Alisema hajawahi kuona nyumba yenye pembe iliyonyooka.
Mpini aliuzungushia utepe mweusi wa mafundi umeme,
na utepe ukabonyea palipokaa kidole chake cha shahada.
Kidole changu kimepanga humo.
Sijawahi kulipa kodi.

Magoti yalipokataa ngazi
alikitia mfukoni mwa koti langu bila kusema neno,
nikakigundua kwenye basi, nikitafuta tiketi.
Na ncha ile aliyoachia kazi, ile ya mwisho,
sikuivunja.
Majira mawili ya baridi nimekata kwa ubutu,
nikijiambia ni heshima.

Jumamosi alikuja, akaketi karibu na kipasha joto,
mikono yake ikitetemeka juu ya fimbo.
Nilikuwa katika bawa la kulia la korongo,
unyoya wa tisa.
Akasikiliza. Hakutazama, alisikiliza tu.
"Skirmantė," akasema, "hicho hakikati. Kinachana."
Akanyosha mkono. Nikampa.
Akaomba koleo. Nikasita. Nikampa.
Mkono ukatulia, sijui ulitulizwa na nini,
na tap!
Majira yangu mawili yakaanguka
ndani ya kopo tupu la dagaa wa Baltiki.

Nilitaka kumweleza.
Yeye alikuwa amekwisha kufuta chuma kwenye suruali,
ametoa mfukoni soseji iliyofungwa gazetini,
iliyokaushwa kwa moshi na jirani yake,
na anakata, kwa ncha mpya,
vipande viwili vyembamba hata ungeona mwanga.
Kimoja akanipa kikiwa juu ya bapa.

Tulitafuna. Nikarudi kwenye unyoya wa tisa,
ukatoka kama neno lililokuwa ulimini siku nyingi.

Kazi ile imekwisha kuuzwa.
Bawa la kulia lina doa dogo la mafuta,
ukiielekeza kwenye taa unaliona.
Mnunuzi hajauliza.